Wangila: Dhahabu Seoul, mauti Las Vegas

Uliza vijana wa mtaa wako mabingwa wa Olimpiki wa Kenya ni akina nani, watakutajia wakimbiaji tu. Robert Wangila je? Huyu alikuwa bondia, bana! Seoul 1988, akiwa na miaka 21, alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwenye fainali. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi.

Halafu? Medali hailipi kodi ya nyumba. Akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa, na huko usipopanda ulingoni hakuna pesa. Alishinda mengi, akapoteza kadhaa, akazidi kurudi. Sijui ni nani pale kando yake angemwambia imetosha, njoo kuna kazi nyingine.

Julai 22, 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzales raundi ya tisa. Wangila akalalamika, alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye akazirai. Siku mbili hivi, akafa. Miaka 26 tu! Hata kumzika kukazua mvutano: azikwe Kiislamu ama Kikristo?