Louis Braille: Urafiki Uliozaa Nukta Nundu

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walinena wahenga. Ukweli wa kauli hii unadhihirika katika maisha ya Louis Braille, Mfaransa aliyewafungulia vipofu mlango wa kusoma na kuandika.

Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki mwa Paris. Babake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka 3, mtoto huyo alijidunga jichoni kwa kifaa cha kutobolea ngozi. Jeraha likaoza, ugonjwa ukaenea hadi jicho la pili, naye akawa kipofu kabisa.

Mnamo Februari 1819 alipelekwa katika taasisi ya watoto vipofu jijini Paris. Jengo lilikuwa kuukuu, lenye unyevu. Vitabu vilikuwa haba na vizito, vya herufi kubwa zilizochomozwa karatasini, na kuzisoma kwa vidole kulikuwa kazi ya kuchosha. Kwa mtoto wa miaka 10 aliyetengwa na wazazi, hizo zilikuwa dhiki za kila siku. Aliyezipunguza makali ni Gabriel Gauthier, mwanafunzi aliyemzidi umri kidogo. Walisoma pamoja, wakaupenda muziki pamoja, na hatimaye wote wawili wakawa wapiga kinanda makanisani.

Mwaka 1821 taasisi ilipata habari za mwandiko wa nukta 12 uliobuniwa na Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi. Braille aliurahisisha hadi nukta 6, akaukamilisha mwaka 1824. Hapa ndipo thamani ya urafiki inapobainika zaidi, kwani mwandiko usio na msomaji ni alama tupu. Gauthier alikuwa miongoni mwa waliousoma mwanzo. Kipofu akaweza kumwandikia kipofu mwenzake pasi na kumtegemea mwenye macho.

Mwaka 1833 wawili hao, pamoja na rafiki yao Hippolyte Coltat, walifanywa walimu kamili katika taasisi iyo hiyo. Kifua kikuu kilimuua Braille tarehe 6 Januari 1852. Coltat ndiye aliyemwandikia wasifu. Ufaransa iliukubali mwandiko huo rasmi mwaka 1854, wakati mbunifu wake hayupo tena.

Leo Kiswahili nacho husomwa kwa nukta nundu, mathalani katika Shule ya Vipofu ya Thika. Yamkini kila asomaye ananufaika na usuhuba wa watoto wale wawili.