Alexander Mackay: Fundi aliyewachongea Waganda herufi za kusomea

Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari kutoka Scotland, anakumbukwa nchini Uganda kwa mengi. Kazi yake iliyodumu zaidi, hata hivyo, ilianza na vitu vidogo: herufi alizozichonga kwa mkono katika vipande vya mbao ili Waganda wasome lugha yao.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, akiwa mwana wa mchungaji. Alisomea uhandisi Edinburgh na kufanya kazi Berlin kabla ya kujiunga na Church Missionary Society. Alifika Zanzibar mwaka 1876, na mwezi Novemba 1878 akawasili katika makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, mahali ambapo leo ni Kampala.

Kusoma hakukuwa jambo geni huko. Wafanyabiashara Waislamu walikuwa wamekwisha kuleta hati ya Kiarabu, na Mutesa mwenyewe alijifunza kuiandika. Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja la mawasiliano. Hata jina ambalo Mackay alipewa, Mzungu wa Kazi, lilitokana na lugha hiyo.

Lakini hati ya mkono, hata ikipendeza vipi, hutoa nakala moja tu kwa wakati mmoja. Huko Nateete, Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapa, na herufi za kufundishia akazichonga mwenyewe. Kila herufi ilibidi ichongwe kinyume, kama ionekanavyo kwenye kioo, ili ikipakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi isomeke sawasawa. Hazikuwa na madaha ya hati ya Kiarabu, ambamo herufi hushikana mikono. Zilisimama moja moja, wazi, na mwanafunzi aliweza kuzitambua upesi.

Karatasi hizo ziliwavuta vijana wa kasri, na wafuasi wa dini mpya wakaitwa wasomaji. Baada ya Mutesa kufariki mwaka 1884, jina hilo likawa la hatari. Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu waliohusiana na misheni ya Mackay waliuawa kwa moto. Mwaka uliofuata, Wakristo wengi zaidi waliuawa Namugongo. Mackay hakuacha kutafsiri wala kuchapa.

Mwaka 1887 alilazimika kuondoka Buganda. Alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika Tanzania ya leo, ambako alifariki kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Leo wachapaji wa Nasser Road, katikati ya jiji hilo, huchagua kwenye kompyuta mitindo ya herufi isiyo na idadi, ikiwemo ile ya mapambo kwa kadi za harusi. Na Kiganda bado kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, zile zile ambazo Mackay alizichonga moja baada ya nyingine.