Mkwawa na Ukuta wa Kalenga

Jina la Mkwawa umelisikia. Watoto wako hulisikia shuleni. Wengi wanajua alivyoshinda. Leo tusome pia alivyoshindwa, maana huko nako kuna mafunzo.

Mkwawa alikuwa Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe wa Iringa. Baba yake, Munyigumba, alifariki mnamo mwaka 1879. Palitokea ugomvi juu ya utawala, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi, akawashinda wapinzani wake, akatawala.

Mwaka 1891 Wajerumani walituma jeshi Uhehe. Kiongozi wake aliitwa Zelewski. Tarehe 17 Agosti, huko Lugalo, Wahehe walijificha vichakani kando ya njia. Jeshi lilipopita katika mstari mrefu, waliliruka ghafla kwa mikuki. Zelewski aliuawa. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300.

Sasa angalia kilichofuata. Lugalo Wahehe walishinda kwa sababu adui hakujua walipo. Lakini baadaye Mkwawa alitegemea ngome yake ya mawe pale Kalenga. Ngome haijifichi, wala haihami. Wajerumani walijua mahali pa kuikuta. Walijitayarisha kwa miaka mitatu. Oktoba 1894 walifika na mizinga, wakaipiga ngome. Tarehe 30 waliingia ndani. Kalenga ikaanguka.

Mkwawa aliponyoka. Akarudia kupigana kwa kujificha. Wajerumani walimsaka karibu miaka minne wasimpate. Lakini nguvu zake zilikuwa zimepungua. Tarehe 19 Julai 1898, maadui walipomkaribia, alijipiga risasi ili asikamatwe. Walimkata kichwa. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Je, kusimulia kushindwa kwa shujaa ni kumvunjia heshima? Hapana. Mtoto akisikia ushindi tu, atadhani shujaa hakosei kamwe. Siku atakaposhindwa yeye mwenyewe, atakata tamaa. Lakini akisikia habari za Kalenga, atauliza kwa nini mambo yaligeuka. Hapo ndipo anapoanza kujifunza historia.

Basi, jioni ya leo wasimulie watoto wako habari za Lugalo. Kisha wasimulie za Kalenga. Halafu waulize, kama wao wangekuwa Mkwawa, wangefanya nini baada ya kushinda Lugalo. Wasikilize majibu yao, nawe toa lako.