Joginder Singh: fundi kabla ya kuwa dereva

Wengi humkumbuka marehemu Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, kwa kasi yake tu. Wanaisahau spana. Ujanani alifanya kazi katika gereji ya babaye, na mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari kuwasaidia wasafiri walioharibikiwa njiani.

Elimu hiyo ndiyo iliyozaa ushindi wa 1965. Volvo ilikuwa imeshindwa katika mashindano ya Safari mwaka uliotangulia, ikaacha huku gari lililokwisha kutumika, aina ya PV544. Joginder na nduguye Jaswant wakalinunua, wakalifungua na kulifunga upya kwa mikono yao. Mvua ikanyesha, njia zikageuka matope, magari mengi yakakwama. Hilo kuukuu likarejea Nairobi la kwanza, likiwatangulia wenziwe kwa zaidi ya saa nzima.

Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza 19. Kwangu mimi hesabu hii yavishinda vikombe vyote vitatu, kwani gari halimalizi njia ile kwa ujasiri wa dereva peke yake. Alifariki mwaka 2013.