Eric Laithwaite, mzee wa treni zinazoelea

Wadau, leo tumkumbuke profesa wa Uingereza, Eric Laithwaite, ambaye wengi humwita baba wa treni zinazoelea kwa sumaku. Wapo wasomi wenzake waliomcheka, lakini mota aliyoipigania bado inapiga kazi.

Alizaliwa 1921 huko Atherton. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshi la anga, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Manchester. Huo ni mji wa viwanda vya nguo, basi jamaa akaanza kuhangaika na kile kifaa kinachopitisha uzi kwenye mtambo wa kufuma. Kinarushwa, kinasimamishwa, kinarudishwa, kutwa nzima. Je, umeme hauwezi kukirusha na kukizuia bila kukigusa?

Jibu lilikuwa mota bapa. Wazo lilikuwepo zamani, yeye akalifufua. Chukua mota ya kawaida, ipasue, ikunjue kama mkeka. Badala ya kuzunguka, nguvu ya sumaku inakimbia kwa mstari na kusukuma bamba la alumini.

Sasa chombo kinachoelea hakigusi njia, breki utafunga wapi? Hapo ndipo utamu ulipo. Mota inatumia umeme wa fezi tatu. Ukibadilishana fezi mbili, sumaku inageuza mwelekeo na kukivuta chombo nyuma, hakuna kinachosuguana. Lakini si bure: mwendo ule unageuka joto kwenye alumini, na usipokata umeme kwa wakati chombo kinaanza kurudi kinyumenyume! Na umeme ukikatika ghafla, lazima iwepo breki ya akiba.

Mwaka 1964 akawa profesa Imperial College, London. Mota ya aina hiyo ikafungwa kwenye RTV 31, chombo cha majaribio kilichoelea kwa hewa. Februari 1973 kilifika kilomita 167 kwa saa. Wiki moja tu baadaye serikali ikakata fedha, mradi kwisha.

Mwaka 1974 naye akajichongea mwenyewe. Mbele ya wasomi wa Royal Institution alidai kwamba gurudumu linalozunguka kwa kasi linavunja kanuni za Newton. Hotuba haikuchapishwa na heshima yake ikaporomoka. Baadaye alikubali kuwa kanuni ziko palepale.

Mwaka 1984 Birmingham walizindua treni ya abiria inayoelea kwa sumaku na kusukumwa na mota bapa. Ilifungwa 1995. Laithwaite alifariki 1997. Miaka minane baadaye, 2005, Japani wakafungua Linimo, inayokwenda hadi kilomita 100 kwa saa kwa mota ya aina hiyohiyo.

Swali kwenu wadau: mtu akichemsha mara moja mbele za watu, ndio tufute na yale yote aliyopatia? Tupieni maoni hapo chini.