Mtakatifu Vincent de Paul na Wauguzi Wake

Vincent de Paul alizaliwa mwaka wa 1581 katika kijiji cha Pouy, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alipokuwa mtoto alichunga mifugo yao. Mwaka wa 1600 alipewa upadri.

Mwaka wa 1617 alikuwa paroko wa Châtillon. Dominika moja aliambiwa kwamba katika nyumba fulani watu wote ni wagonjwa, wala hakuna wa kuwasaidia. Basi katika mahubiri akawaombea msaada. Siku ile ile watu wengi walikwenda kwao na vyakula. Vincent alifurahi, lakini aliona kasoro: chakula cha leo kimezidi, kitaoza; kesho wagonjwa watalala njaa. Kwa hiyo akawapangia wanawake wa parokia zamu, kila mmoja na siku yake.

Huko Paris akawakusanya mabibi matajiri. Walikuwa na mali na huruma, lakini kubeba chungu cha chakula njiani na kuwaosha wagonjwa kuliwashinda wengi. Wakatuma watumishi wao. Watumishi hao hawakuwa na ujuzi wala mapendo, na wagonjwa wakateseka.

Ndipo akaja Marguerite Naseau, msichana mchunga ng'ombe wa Suresnes, aliyejifundisha kusoma peke yake. Kazi iliyowashinda mabibi, yeye aliifanya kwa furaha. Mwaka wa 1633 alimlaza mgonjwa wa tauni katika kitanda chake mwenyewe. Akaambukizwa, akafa.

Mwaka ule ule Vincent na mjane Louise de Marillac walianzisha shirika la Mabinti wa Upendo. Vincent alijua kwamba moyo mwema peke yake hautoshi. Louise akawafundisha wasichana wa mashamba kusoma, kuandika na kutunza wagonjwa. Kila mmoja alipewa kazi aliyoiweza: huyu kupika, huyu kutengeneza dawa, huyu kufundisha watoto. Mabibi walitoa fedha. Mganga aliagiza dawa, nao Mabinti walifuata agizo lake, bila kuongeza wala kupunguza.

Vincent alikufa tarehe 27 Septemba 1660. Mwaka wa 1737 alitangazwa mtakatifu.

Mgonjwa hupona kwa mikono mingi. Kila mtu afanye kazi anayoijua, na asiyoijua ajifunze kwanza.

Maswali
1. Kwa nini Vincent aliwapangia wanawake zamu?
2. Watumishi wa mabibi walikosa nini?
3. Louise aliwafundisha wasichana mambo gani?