Smith na Samaki wa Pauni Mia

Mabingwa wa elimu wapo wengi, lakini bingwa akubaliye kumwuliza mvuvi ni adimu. Kwa sababu hiyo, leo napenda kuwasimulia wasomaji wangu habari za Profesa J. L. B. Smith.

Alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika ya Kusini, mwaka 1897. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuja kupigana huku Afrika ya Mashariki, akaugua malaria na kuhara damu, na afya yake haikutengenea tena. Kazi yake ilikuwa kufundisha kemia huko Grahamstown. Samaki walikuwa mapenzi yake tu.

Desemba 1938, chombo cha uvuvi kilinasa samaki wa rangi ya buluu karibu na mlango wa mto Chalumna. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, alimchora akampelekea Smith picha. Februari 1939 Smith alimwona kwa macho yake, akathibitisha kuwa ni silakanti, samaki aliyejulikana kwa alama za mawe tu, akidhaniwa ametoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Mapezi yake si kama ya changu. Yamekaa juu ya vikono vya nyama vyenye mifupa ndani, naye huyapeleka kwa zamu kama mnyama atembeaye. Mahali pa pingili za uti wa mgongo ana mrija uliojaa mafuta. Jamaa yake ni kamongo wa Ziwa Victoria, na wanasayansi wasema wanyama wa miguu minne walitokana na ukoo huo.

Lakini matumbo ya samaki yule yalikwisha kutupwa. Smith alihitaji wa pili. Basi alitawanya karatasi pwani nzima, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi pauni 100. Mwaka 1952, Unguja, alimpa nyingine nahodha Eric Hunt azipeleke Ngazija na visiwa jirani.

Desemba ile ile, Ahmadi Abdallah wa Domoni, kisiwani Anjouan, alimvua. Mwalimu Affane Mohamed akamtambua, samaki akavushwa vilima hadi Mutsamudu kwa Hunt. Smith akamwomba Waziri Mkuu Malan ndege ya jeshi, akafika Mayotte, akalia machozi mbele ya samaki.

Hapa ndipo mimi namlaumu. Samaki wa mvuvi mweusi alimpa jina Malania, kwa heshima ya Malan, mkuu wa siasa ya ubaguzi wa rangi! Abdallah alipata fedha, jina hakupata.

Smith alifariki mwaka 1968. Baadaye ilithibitika kuwa samaki yule ni wa aina ile ile ya 1938, jina Malania likafutika. Malindi alivuliwa mmoja mwaka 2001, na Tanga wengi baadaye. Na wavuvi wa Komoro bado wamwita kama walivyomwita wazee wao kabla ya Smith kuuliza: gombessa.